Magari Yarukayo na Haki ya Walio Chini

Shukrani zote ni za Allah (S.W.), aliyewatiisha ndege wakaelea angani, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Kila anayeishi katika mji mkubwa anaijua adha ya foleni. Mzazi hutoka kazini baada ya Alasiri, Magharibi ikamkuta angali ndani ya gari, na afikapo nyumbani watoto wamekwisha lala. Si ajabu, basi, kwamba habari za magari yarukayo hupokelewa kwa hamu, na kwamba vijana wetu wanapoziona picha zake huuliza: lini yatafika kwetu?

Wiki hii tunapenda kulitazama swali hilo kwa utulivu, bila kubeza na bila kushangilia. Hoja yetu ni moja. Kuruka si kikwazo kikubwa cha magari haya, kwa maana yamekwisha kuruka tangu zama za babu zetu. Kikwazo ni kwamba anga iliyo juu ya mapaa ya watu si mahali patupu. Ikianza kupitwa kila siku inakuwa njia, na kila njia ina haki zake. Nani atazilipa haki hizo?

Ndoto ya kale

Tamaa ya kuruka si ya leo. Katika karne ya 9, huko Cordoba katika Andalusia, aliishi mwanachuoni aitwaye Abbas ibn Firnas, aliyefariki mwaka 887. Mwanahistoria al-Maqqari, aliyeandika karne nyingi baadaye, anasimulia kuwa mtu huyo alijivika manyoya, akajitengenezea mbawa mbili, akajirusha na kuelea kwa muda, kisha akaumia wakati wa kutua. Sababu inayotajwa ni kwamba hakujitengenezea mkia, ilhali ndege hutua kwa msaada wa mkia wake. Leo hii shimo moja katika uso wa mwezi limepewa jina lake. Twamtaja kwa fahari, na tuna haki ya kufanya hivyo, lakini fahari hiyo isitusahaulishe funzo lenyewe: alikuwa amefikiria kupaa kuliko alivyofikiria kutua.

Funzo hilo limejirudia kwa miaka zaidi ya mia moja. Mwaka 1917 Mmarekani Glenn Curtiss, mmoja wa waasisi wa utengenezaji wa ndege, alionyesha mjini New York gari lenye mabawa. Halikupata kusafiri angani safari ya maana. Mwaka 1947, huko San Diego, gari jingine lililofungwa mabawa juu ya paa lake liliruka vizuri mpaka mafuta yakamwishia rubani angani. Yeye alinusurika, lakini chombo kiliharibika. Aliye barabarani mafuta yakimwishia husukuma gari pembeni, akaazima dumu. Angani hapana pembeni.

Mwaka 1949 Moulton Taylor alirusha chombo alichokiita Aerocar. Mabawa yake yalikunjwa na kukokotwa nyuma ya gari kama mkokoteni, na mwaka 1956 mamlaka za Marekani zikakiidhinisha kwa safari za anga. Hata hivyo vilitengenezwa vyombo 6 tu, kwani wanunuzi hawakutosha. Mwaka 1973, huko California, wabunifu wawili waliunganisha gari dogo na mabawa ya ndege. Kiungo cha bawa kikashindwa kuhimili, nao wote wawili wakafa. Karibu na zama zetu, Juni 2021, Stefan Klein wa Slovakia alirusha gari lake kutoka mji wa Nitra hadi Bratislava kwa muda wa dakika 35. Baada ya kutua mabawa yalijikunja, naye akaingia mjini kwa barabara kama dereva mwingine yeyote. Ni kazi ya kupongezwa. Lakini chombo hicho kinahitaji uwanja wa kurukia na leseni ya urubani, na mtu mwenye vyote viwili hakuwa amekwama kwenye foleni tangu hapo.

Kwa nini jambo hili limekuwa gumu hivyo? Sababu ya kwanza ni uzito. Gari la barabarani lataka chuma cha kumkinga aliye ndani likigongwa, lataka magurudumu mazito na breki imara. Chombo cha angani chataka wepesi, kila ratili ikihesabiwa. Ukiviunganisha viwili hivi, aghalabu unapata gari dhaifu na ndege nzito.

Ahadi ya Dubai

Kwa sababu hiyo wahandisi wa leo wameacha kulipa gari mabawa. Wanajenga chombo kidogo kitumiacho umeme, kinachopaa wima kwa rafadha nyingi, yaani yale mapanga yazungukayo, na kutua wima vilevile. Ni chombo kisichogusa barabara kabisa. Watu bado wanakiita gari lirukalo, lakini kwa hakika ni teksi ya anga.

Hakuna mji wa Waislamu uliolifuata jambo hili kwa bidii kama Dubai, mji ambamo ndugu zetu wengi kutoka Afrika Mashariki wanafanya kazi na biashara. Mwezi Februari 2017 mamlaka ya usafiri ya mji huo ilitangaza kuwa chombo cha Kichina cha kampuni ya EHang, chenye kubeba mtu mmoja bila rubani, kingeanza kazi Julai ya mwaka huohuo. Julai ikapita. Septemba 2017 chombo cha Kijerumani cha Volocopter, chenye rafadha 18, kilirushwa huko kwa majaribio bila mtu ndani. Oktoba 2022 kikafuata cha kampuni ya XPeng ya China. Februari 2024 ukatiwa saini mkataba wa miaka 6 na kampuni ya Joby ya Marekani, na Juni 2025 chombo chake, chenye kubeba rubani mmoja na abiria 4, kikaruka kwa majaribio nje ya mji, jangwani. Ahadi yao ni kuwa safari kutoka uwanja wa ndege hadi Palm Jumeirah, ambayo kwa gari huchukua dakika 45, itachukua kama dakika 10.

Hatuyataji haya kwa kejeli. Mji wenye fedha, wenye nia na wenye serikali inayoamua kwa haraka umeahidi jambo hili tangu 2017, na miaka 8 baadaye ulikuwa bado katika majaribio. Hilo linatuonyesha kuwa vikwazo vyake si vya uvivu wala vya umaskini. Kuna vikwazo vya maumbile ambavyo fedha peke yake haiviondoi.

Vikwazo vya kweli

Cha kwanza ni nishati. Kilo moja ya mafuta ya ndege hubeba nishati zaidi ya mara 40 ya ile inayobebwa na kilo moja ya betri za magari ya umeme. Hata tukitoa sehemu kubwa ya mafuta inayopotea kama joto ndani ya injini, tofauti ibakiayo ni kubwa mno. Tena ndege ya mafuta huwa nyepesi kadiri isafirivyo, ilhali betri hubaki na uzito uleule ikijaa au ikiisha. Na kuelea wima mahali pamoja ndiko kunakokula nguvu nyingi kuliko hali nyingine yoyote ya kuruka. Ndiyo maana safari za vyombo hivi ni fupi.

Cha pili ni kuanguka. Ndege ya kawaida injini ikizimika, mabawa huiwezesha kuteleza angani ikitafuta pa kutua. Helikopta nayo, rubani akiwa hodari, hushuka kwa msaada wa panga lake kubwa linaloendelea kuzungushwa na upepo. Vyombo vingi vya rafadha ndogondogo havina uwezo huo. Tegemeo lao ni kwamba rafadha moja ikifa nyingine zitabeba. Ni tegemeo la maana, lakini halimfai kitu aliyeishiwa na umeme wote. Mwavuli wa kujiokoa nao unahitaji kimo cha kutosha ili ufunguke, na teksi ya mjini huruka chini.

Cha tatu ni hali ya hewa. Hewa yenye joto kali ni nyepesi, kwa hiyo rafadha hupata kidogo cha kushikilia. Na miji ya Ghuba, inayovipenda vyombo hivi, ndiyo yenye joto, vumbi na ukungu wa alfajiri. Cha nne ni uongozaji. Barabarani gari husimama likingoja taa. Angani huwezi kuwaambia watu mia wasimame wakungoje. Wataalamu wa kuongoza ndege leo wanashughulika na ndege chache zinazopita katika njia zinazojulikana. Bado haujazoeleka popote utaratibu wa kuongoza maelfu ya vyombo vidogo juu ya mji mmoja.

Cha tano ni hesabu ya watu, nayo ndiyo isemwayo kidogo kuliko zote. Chukulia kwamba kituo kimoja cha teksi za anga kinarusha chombo kila baada ya dakika 5, usiku na mchana, bila kuchelewa. Hivyo ni vyombo 12 kwa saa. Kila kimoja kikichukua abiria 4, jumla ni watu 48. Basi moja la abiria, likijaa, hubeba watu hao wote kwa safari moja. Kwa hiyo anayesema kuwa teksi za anga zitaondoa foleni, ahesabu tena. Zitamwondoa mtu mmoja mmoja kwenye foleni, yule mwenye uwezo, na foleni itabaki palepale na wenyewe.

Cha sita ni fedha. Volocopter ilitarajia kubeba abiria mjini Paris wakati wa Michezo ya Olimpiki ya 2024; michezo ikamalizika bila abiria. Kampuni nyingine ya Kijerumani, Lilium, ilikusanya zaidi ya dola bilioni 1 za wawekezaji. Kabla ya mwaka 2024 kwisha, zote mbili zilikuwa zimefikishwa katika taratibu za ufilisi.

Haki ya njia

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Said al-Khudri (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) aliwatahadharisha masahaba na kukaa njiani. Waliposema kuwa hawana budi ya mabaraza yao, aliwaambia basi waipe njia haki yake, na katika haki hizo akataja kuinamisha macho na kuzuia adha. Tuyashike mambo mawili hayo, kisha tuitazame anga.

Wanachuoni wetu waliwahi kulifikiria jambo la walio juu na walio chini. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, katika kitabu chake Minhaj, ambacho kimesomeshwa katika madarasa ya pwani yetu vizazi kwa vizazi, anaeleza hukumu ya anayetaka kutokeza roshani au kujenga paa juu ya njia ya watu. Sharti lake ni kwamba lisiwadhuru wapitao: liwe juu kiasi cha mtu kupita chini yake wima bila kuinama, na ikiwa njia hiyo hupitwa na misafara, liwe juu kiasi cha kumpisha ngamia aliyebeba machela pamoja na miti yake ya kivuli. Wazee wa Lamu walijenga wikio, vile vyumba vinavyovuka juu ya vichochoro kutoka nyumba hadi nyumba, na mpita njia hupita chini yake kwa raha. Tazama mpangilio wa hukumu hiyo. Haikuanza kwa kuuliza mwenye nyumba anataka nafasi kiasi gani. Ilianza kwa kumpima aliye chini.

Sasa tuipime teksi ya anga kwa kipimo hicho. Adha yake ya kwanza ni hatari. Tangu 1953 kampuni moja ya helikopta ilikuwa ikibeba abiria mjini New York, na kwa miaka kadhaa ilitua juu ya paa la jengo refu katikati ya mji. Mei 1977 mguu wa helikopta iliyokuwa imesimama juu ya paa hilo ulivunjika, nayo ikaanguka ubavu panga lake likiwa linazunguka. Wanne walikufa kule juu. Wa tano alikuwa mwanamke aliyekuwa akipita zake barabarani, akaangukiwa na kipande cha panga. Huyu hakukata tiketi wala hakuwa na haraka ya kwenda uwanja wa ndege. Huduma ya paa lile ikafungwa, na miaka miwili baadaye kampuni nayo ikafa. Kila mji unaofikiria jambo hili unapaswa kuanza na habari ya mama yule.

Adha ya pili ni kelele. Kwa insafu tuseme kwamba vyombo vipya vya umeme ni vitulivu kuliko helikopta kwa mbali. Lakini chombo kimoja kitulivu si sawa na mia vikipita juu ya dirisha la mgonjwa, au la mtoto aliyelazwa adhuhuri, au juu ya msikiti watu wakiwa katika sijida.

Adha ya tatu ni ya macho. Nyumba zetu nyingi za kale zilijengwa na ua ndani, na mapaa yenye kuta, ili watu wa nyumbani wakae kwa sitara. Vitabu vya hisba viliagiza kuwa hata muadhini, apandapo mnara kwa ibada, ainamishe macho yake asitazame majumba ya watu. Ikiwa mwenye kuita watu katika Swala amewekewa sharti hilo, abiria mwenye kamera mkononi naye anahitaji sharti lake. Ukuta wa ua hauwezi kumkinga mtu na njia iliyo juu ya ua.

Nani abebwe kwanza?

Haya yote hayamaanishi kuwa chombo ni haramu au kwamba elimu yake haina heri. Allah (S.W.) katika Surat an-Nahl, baada ya kutaja farasi, nyumbu na punda, ametukumbusha kuwa Yeye huumba tusivyovijua, na wafasiri wa zama zetu wameona humo ishara ya vipando vya baadaye. Swali ni la kutanguliza. Wanachuoni wa maqasid walitufundisha ngazi tatu: dharura, haja, kisha mapambo ya maisha. Chombo kilekile huweza kusimama katika ngazi yoyote kati ya hizo, kutegemea kimebeba nini.

Rwanda imetupa mfano ulio karibu. Tangu 2016 ndege ndogo zisizo na rubani zimekuwa zikiruka kutoka kituo cha Muhanga na kudondosha chupa za damu kwa mwavuli mdogo katika hospitali za milimani. Mwaka 2018, katika Ziwa Viktoria, yalifanyika majaribio ya kupeleka dawa kisiwani Ukerewe kwa ndege ya namna hiyo, mwendo wa kilomita 60 kwa muda wa dakika 40. Mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua hawezi kungoja barabara ikauke. Hapo aliye chini ndiye anayehudumiwa, na adha ya kupitwa juu ya paa anaivumilia kwa radhi, kwa kuwa kesho huenda chupa hiyo ikawa yake.

Kwa hiyo tunasema: damu na dawa kwanza, kisha mgonjwa mahututi wa kisiwani au wa bondeni lililofurika, kisha uokoaji. Mwenye haraka ya kwenda hotelini atakuwa wa mwisho katika mstari huo, nasi tutampokea kwa ukarimu siku ambayo walio chini watakuwa wamekwisha salimika. Jambo hili si la mbali tena: mwaka 2025, katika mkutano wa usafiri wa anga wa Afrika uliofanyika Kigali, teksi ya anga ya EHang isiyo na rubani ilirushwa mbele ya watu. Kanuni zinaandikwa sasa, na wakati wa kusema ni wakati kanuni zinapoandikwa.

Kwa familia

Tuna maneno machache kwa wazazi. Mtoto anayevutiwa na vyombo hivi msimkatishe tamaa. Mwelekezeni kwenye hesabu na fizikia. Mwambieni kuwa umma huu unahitaji mafundi wa betri, wahandisi wa mitambo, waongoza ndege na wanasheria wa anga, na kwamba ajira nyingi za baadaye zitakuwa kwa wenye kuviunda na kuvitunza, si kwa wenye kuvishangaa.

La pili ni tahadhari ya mali. Mara kwa mara hupita matangazo yanayowaita watu kulipia mapema magari yarukayo au kununua hisa za kampuni zinazoahidi kuyatengeneza. Wanafiqhi walipotaka kueleza biashara yenye gharar, mfano wao mashuhuri ulikuwa kumuuza ndege aliye angani. Zipo njia halali za kulipia kitu kabla hakijakamilika, kama salam na istisna', lakini zina masharti ya kuainisha kitu, sifa zake na malipo yake. Kabla ya kutoa akiba ya ada za watoto, muulizeni mwanachuoni na mtu ajuaye biashara.

La tatu ni la nyumbani. Mkiketi pamoja baada ya chakula, na kijana akaleta habari za gari jipya lililopaa mahali fulani, msikilizeni, kisha muulizeni maswali matatu: limebeba nani, limepita juu ya nani, na likianguka litamwangukia nani? Atakayezoea kuuliza hivyo utotoni, huenda siku moja akakaa katika meza inayoamua njia za anga ya mji wetu, naye akamkumbuka mpita njia.

Allah atupe elimu yenye manufaa, na atulinde sisi na jirani zetu, walio juu na walio chini. Wallahu a'alam.